Shati la Mabaka Lisilo na Jina

...aje au asije, hivyo tu, kijana hakuzungusha maneno, "Mama, shangazi anauliza, jioni ya leo aje au asije?", na mimi nimeinama hapa, tope limenimeza hadi magotini, mkono wa kushoto fungu la miche ya mpunga, wa kulia unachomeka, na badala ya kumjibu kama mtu mwenye akili zake nikasema, "Ngoja nifike ukingoni," kana kwamba jibu nimeliweka pale ukingoni nikalifunika kwa jani la mgomba, ni kufika na kufunua tu... haya, Nhâm, najiambia, umeyataka mwenyewe, sasa narudi kinyumenyume, hatua moja miche sita, hatua moja miche sita, na yeye yuko nyuma yangu, simwoni, miche aliyotuletea ameshaitua, mzega kaulaza chini, hana la kufanya ila kusimama kwenye manyunyu na kunisubiri, na kila hatua ninayopiga inanipeleka kwake huku nimempa mgongo, na kusema kweli si mgongo peke yake niliompa, tulivyoinama hivi... hatua thelathini labda, arobaini, na mpunga haupandwi kwa kwenda mbele, ungekanyaga ulichopanda, kwa hiyo siwezi hata kujifanya nina safari upande mwingine. "Mama Hoà!" huyo ni Mama Tuyên, yuko kuliani kwangu, mdomo wake haujui baridi, "polepole, shoga, miche yako inalala, au kuna mtu unamkimbilia huko nyuma?", na wanacheka, wanawake wote tisa wanacheka, na siwezi kuwafukuza kwa sababu jaruba ni langu na zamu ya kusaidiana leo ni yangu, jana tulikuwa kwa Mama Lực, kesho kwingine, mchana nitawalisha wali na samaki wa kukaushwa kwa mchuzi, kwa hiyo wana haki ya kucheka mpaka sufuria liive, na wacha wacheke, mwaka aliokufa mume wangu Khoát walikuja hawa hawa, hakuna aliyewaita, wakapanda jaruba lote bila neno, hata huyu Mama Tuyên alinyamaza siku nzima, sijui aliwezaje, sijawahi kuwashukuru kwa mdomo, mambo hayo hapa hayasemwi, unapika tu samaki mkubwa zaidi.

Na wote wanajua maana ya aje au asije, hilo halina fumbo, shangazi wa mtu hafungi tambuu na paketi ya chai kwenye kitambaa chekundu akaenda nyumba yenye binti eti anaangalia hali ya hewa, binti ni Mến, kitinda mimba wangu, saa hizi yuko kiwandani anashona nguo, mtoto wa mwisho kubaki nyumbani, Hoà, wa kwanza, kaolewa mbali mjini kwenye bandari, Thuận kavuka bahari kaolewa na watu ambao mjukuu wangu akinisalimia kwenye simu simwelewi... na kijana ni huyu Toản, ametoka jeshini wiki tatu zilizopita, miaka yake miwili ameitimiza, nywele za juu ya masikio bado hazijakubali kurudi, na kama hayo hayatoshi, shati nililovaa ni lake, ndiyo, shati la jeshi, la mabaka, kijani na kahawia na meusi kama ukuta wa kisima, nimevaa shati la mtu ambaye sijasema kama namtaka, halafu ananiuliza swali nikiwa ndani ya shati lake, na shati lina joto, hilo ndilo linaloniudhi, lina joto zuri mno, baridi hii ya baada ya Tet, mwaka mpya wetu, inayoingia mpaka kwenye meno leo haijanigusa mabega tangu alfajiri, nikajikuta nashukuru, nikakasirika kwa kushukuru, kisha upepo ukaja nikashukuru tena. Hatua, miche sita. Aje au asije. Akija, nimekubali. Asipokuja, Alhamisi Toản anapanda basi kwenda kusini, kuna rafiki yake wa kambini amemtafutia kazi kiwandani, Mến hajaniambia kwamba atamfuata, lakini juzi nilimwona anahesabu nguo zake za baridi, na kusini hakuna baridi, mtu anayehesabu nguo za kuziacha nyumbani namjua, niliwahi kuwaona wawili kabla yake.

"Mwache aive huyo," anasema Mama Tuyên, "mkwe asiyesimamishwa mvuani hana ladha," na Mama Lực, kushotoni kwangu, mpole, jirani wa ukuta mmoja, anasema, "Mama Tuyên, na wewe, mtoto wa watu ana masikio," naye, "Ana masikio ndiyo, na mimi nasema ili ayatumie"... ungetutazama kutoka barabarani ungedhani kikosi kimetumwa kupigana na tope, mashati ya mabaka kumi katika mstari mmoja, kofia za majani kumi, matako kumi juu, maana hapa kwetu mtoto wa kiume akirudi jeshini nguo zake zinakwenda kwa mama yake, hakuna aliyeandika sheria hiyo, kijana mwenyewe atazivaa wapi, anataka kuvaa suruali za kubana apige picha, mama ndiye anayeijua thamani yao, kitambaa kigumu, hakinasi kwenye miiba, ruba wanateleza, na kifuani kuna kale kautepe ka jina, Tuyên kifuani kwa Mama Tuyên, Lực kifuani kwa Mama Lực, na hawakang'oi hata shati likichakaa likawa tambara la kupanguzia pikipiki, wanakahamishia kwenye shati jingine, ni kama kusema nilimtoa, akaenda, akarudi mzima. Na mimi mwenye mabinti watatu? Asiye na mwana aeleke jiwe, mimi nikaeleka shati la sokoni, nililinunua mwenyewe mnadani baada ya shati la zamani la Khoát kuoza mgongoni, yule muuzaji akaniapia ni la jeshi kabisa, hana hata haya, siku ya kwanza jarubani likavuja rangi, mikono ikawa kijani mpaka viwikoni, tumbo kijani, nikaenda kuoga maji yakawa kijani, Mama Tuyên akaniita Mama Chura msimu mzima, na kila mwaka uliofuata pia, nikicheka naye, maana usipocheka wanajua pameuma. Pameuma. Miaka saba nimesimama katika mstari huu na kifua kisicho na jina la mtu.

Na leo pia hakina, huo ndio mchezo wenyewe, asubuhi nilipoingia jarubani Mama Tuyên alinizunguka kama mnunuzi wa nguruwe, akashika ukosi, akasugua kitambaa, "Hili la kweli, hili si la chura, lakini mbona jina limeng'olewa?", na kweli, hapo juu ya mfuko pana mstatili wa kijani kibichi kuliko shati lingine, pana vishimo vya sindano, palikuwa na jina limetolewa, nikasema, "Litakuwa limebanduka," naye akasema, "Uzi wa jeshi haubanduki, shoga, labda mkweo ni mchoyo wa jina," nikatia miguu majini kumkimbia, lakini neno limenifuata, mchoyo wa jina, siku kumi zilizopita lilipokuja shati lilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, Mến kaliweka juu ya kitanda changu, nikauliza ni nini, akasema, "Toản amesema ni la kazi tu, halina neno lolote," nikasema basi nami sina neno lolote nalo, nikalitupa kabatini, na shangazi yake je, nikawaza, aliyemlea ndiye wa kupewa, kumbe alimpa koti zito na blanketi na viatu, mwanamke yule sasa analisha bata wake amevaa viatu vya kwata, na hilo moja tu ndilo aliloliweka kando. Jana nikivuta miche kitaluni lile la sokoni likapasuka kuanzia ukosi mpaka kiunoni, prrraa, nikasimama mgongo wazi kama samaki aliyepasuliwa, na leo asubuhi baridi, na manyunyu, na jaruba ni langu siwezi kutokuja, nimesimama mbele ya kabati kama mwizi mbele ya kabati lake mwenyewe, Mến amevaa kofia ya pikipiki tayari anachelewa zamu, akaniangalia akasema, "Mama, livae tu. Shati halichumbii mtu." Ana ulimi, sijui kautoa wapi.

Ulimi, ndiyo, tuuseme basi, hatua kama ishirini zimebaki na ukweli hauna pa kujificha kwenye maji ya magoti, ulimi hauna mfupa lakini wangu nadhani una kisu, mwaka juzi, kesho yake vijana wanapelekwa kambini, ngoma zimeshafungwa uwanjani, mashada ya maua tayari, mama za watu wanapika, Toản akaja langoni kwangu kumuaga Mến, kasimama hivi hivi anavyosimama sasa, na mimi siku hiyo Thuận alikuwa amenipigia simu kwamba hatakuja Tet, nilikuwa nina hasira na kila anayeondoka, nikamwambia, nayakumbuka yote, ningependa niwe nimesahau neno moja moja lakini nayakumbuka yote, "Mtoto asiye na wa kumfunza hajui hata nyumba gani ya kubisha hodi. Na huyo aliyekulea, mwanamke wa mwaka wa chui milia hata mume wa kumtazama hakupata, angekufundisha nini wewe?" Mbingu wee. Kwa mtoto ambaye baba na mama walizama na mashua ya kubebea mchanga akiwa na miaka minne. Na Dần, shangazi yake, maskini, kosa lake ni kuzaliwa mwaka wa chui milia, mwaka ambao hapa kwetu wanasema mwanamke wake hamfai mume, wachumba wote wakakimbia nyota yake, akaishia na bata na mtoto wa kaka yake, akamvalisha, akamsomesha, hakuna siku uliyomwona yule mtoto na shati lisilo na kifungo... nilisema hayo langoni, kwa sauti, na Dần anapita barabarani na bata zake nyuma, alisikia, najua alisikia, aliinamisha kofia akawaswaga bata haraka haraka, na kijana akasema, "Ndiyo, Mama," akainama, akaenda jeshini na maneno hayo. Miaka miwili. Mtu anaweza kuyabeba maneno kama hayo miaka miwili kwenye mabuti, kwenye mvua, kwenye lindo, halafu akarudi na shati? Mimi nisingerudi na shati. Mimi ningerudi na mawe.

"Mama Hoà," anasema Mama Tuyên, na sasa anajifanya mnong'ono, mnong'ono wake unasikika mpaka kijiji cha pili, "ni kweli tunayoyasikia? Eti atahamia kwako? Anaolewa yeye?", na yule mwingine wa mwisho wa mstari anadakia, "Mwanamume kaolewa! Haya, mbwa wa chini ya kabati la vyombo huyo, makombo yakidondoka ndiyo yake," na wanacheka, na yeye nyuma yangu anasikia yote, ndiyo, ni kweli, Mến aliniambia, yeye mwenyewe Toản ndiye aliyetaka, kwamba wakioana wakae kwangu, kwa sababu Mama atabaki na nani, ndivyo alivyosema, Mama atabaki na nani, kusini ni kama nikikataa tu, na anajua kabisa watu watamwitaje, mwanamume akiishi ukweni hapa kwetu hata watoto wa shule wanamtungia wimbo, anajua na bado... na mimi nikamjibu Mến, "Anataka nyumba ya matofali." Nilisema hivyo. Nyumba yenyewe matofali yake yamekula chumvi, choo kiko nje, paa linavuja juu ya madhabahu ya Khoát, kila mvua nasogeza picha yake kwa mkono, samahani mume wangu sogea kidogo, nani mwenye akili atake nyumba hiyo... ruba, kuna ruba hapa, anazunguka mkononi mwangu, anatafuta pa kuingilia, mkono wa shati umekaza, hapati, nenda zako, leo hakuna karamu.

Hapati... ngoja kwanza. Hapati kwa nini? Raba. Sikufunga raba. Kila mwaka mikono ya mashati haya ni mirefu, ni ya wanaume, unapoinama inachovya, maji yanapanda kwa ndani mpaka kwapani, kwa hiyo tunaifunga kwenye vifundo vya mikono kwa raba za tyubu ya baiskeli, na raba hiyo huwezi kujifunga mwenyewe, mkono mmoja hauwezi kujifunga, mimi alinifunga Khoát, miaka ishirini na moja, alfajiri, kabla hata ya chai, alikuwa ananishika mkono kama anayeupima homa, anazungusha mara tatu, anauliza, "Inabana?", nasema haibani, hata ikibana nasema haibani, na alipoondoka akawa ananifunga Hoà, kisha Thuận, kisha Mến, na leo Mến kachelewa, na mimi na fujo zangu za shati nimesahau, raba ziko juu ya ndoo jikoni nyumbani naziona kabisa kwa macho ya akili, na nimepanda tangu alfajiri, mistari minne, na vifundo vya mikono yangu ni vikavu... vikavu! Mche mkononi, nausimamisha, natazama, mkono wa shati unaishia pale pale mfupa wa kifundo unapoinuka, si chini, si juu, umekunjwa kwa ndani na kushonwa, na kitanzi kidogo cha lastiki ndani yake, na mkono wa pili hivyo hivyo, na si mashine, Mến angeshona kwa mashine, Mến mshono wake umenyooka kama reli, huu ni wa sindano ya mkono, uzi wa kijani wa jeshi, hatua fupi fupi, imepinda hapa, ikajirekebisha, ikapinda tena, ni mshono wa mtu aliyejifunza kushona akiwa amekaa kwenye kitanda cha kambi akijitia vifungo... Toản alikaa chini akashona mikono ya shati kwa kipimo cha mikono yangu. Kipimo kakitoa wapi? Hajawahi kunishika hata mkono... Ala! Lile la sokoni! Wiki ile baada ya Tet lilitoweka kwenye kamba siku nzima, kesho yake likarudi limekunjwa vizuri juu ya kizingiti, na kabla halijarudi nilikuwa nimepanda juu ya kigoda nikampigia Mama Lực kelele juu ya ukuta, kwamba hata tambara la maskini mnaiba, na Mama Lực, huyu hapa kushotoni kwangu anayechomeka miche yangu kwa vidole vyake vyenye baridi yabisi, alisema tu, "Litarudi, Mama Hoà, shati halina miguu." Alijua. Mến aliliiba likapimwe pale raba zilipoacha alama. Kijiji kizima pengine kilijua, nimebaki mimi tu na kelele zangu juu ya kigoda. "Mama Lực," nasema, sauti yangu imetoka ya ajabu, "lile shati la kambani..." naye haniangalii, anachomeka, anasema, "Panda, dada. Yamekwisha siku nyingi."

Yamekwisha, anasema, watu wanaishi nami namna hii na mimi sijui, wananisamehe kabla sijaomba, nimezungukwa na wema kama jaruba lilivyozungukwa na kingo, na mimi kazi yangu kuhesabu nilichokosa, sina mwana, sina mume, sina jina kifuani... na jina, kumbe! Sasa nimeelewa, jamani, kichwa changu kizito, mchoyo wa jina gani, mtu anayekaa siku nzima kupima mikono ya shati hawezi kuwa mchoyo wa kautepe, alilitoa makusudi, alikaa akafumua uzi mmoja mmoja kwa ncha ya sindano ili kitambaa kisichanike, kwa sababu mama akivaa jina la kijana mbele ya wanawake hawa amekwisha kukubali, ndivyo wanavyosoma watu, na yeye hakutaka nikubali kwa sababu ya baridi. Alitaka nipate joto hata nikimkataa. La kazi tu, halina neno lolote, hivyo ndivyo alivyosema na hivyo ndivyo alivyomaanisha, alinipa shati akanipa na njia ya kutoka, nivae, nipande mpunga wangu, nimwambie asije, na Alhamisi yeye apande basi lake, na mimi nibaki na mikono mikavu. Asante. Nalisema kichwani na linanitoka machoni, vizuri manyunyu yapo, asante, Toản, asante kwa mikono, hakuna aliyewahi kuitazama mikono yangu tangu Khoát, na Khoát pia asante, na wewe Dần, wewe hasa, maana mtoto hazaliwi na akili hiyo, mtu alimkalisha akiwa mdogo akamwonyesha kwamba ukimpa mtu kitu mpe kwa namna ambayo haitamwinamisha kichwa, nani alimfunza? Bata? Nilisimama langoni nikauliza angekufundisha nini, na jibu nimelivaa tangu alfajiri.

Hatua saba, nane, nasikia anapumua sasa, nasikia anavyojisogeza ili nipate nafasi ya kupanda ukingoni, "Utajibu au utamchomeka topeni na yeye?" Mama Tuyên anauliza, na akija? Tuseme nasema aje, atakuja Dần jioni, miguu yenye viatu vya kwata, kitambaa chekundu, atapita lango lile lile, atakaa kwenye mkeka wangu akiwa amekunja mabega, atainamisha kichwa aniombe binti, kwa heshima, kwa maneno ya kukariri, yeye aniombe mimi, na mimi nikae nimenyooka niseme ndiyo kama ninayetoa sadaka... haiwezekani, chai hiyo haitapita kooni, haiwezekani mtu niliyemtukana aje kwangu kuinama mara ya pili, na halafu, tuulize vizuri, nani anachukua mtu hapa? Mến haondoki. Mến analala kitanda kile kile. Anayehama ni kijana, anayebaki peke yake na bata ni Dần, mwanamke mwenye mtoto mmoja tu duniani na hata huyo hakumzaa, na ameniuliza kwa upole aje au asije, maana yake ameshakubali kumtoa, mimi ndiye ninayepata, mimi ndiye ninayeongezewa, basi mbona yeye ndiye wa kutembea mvuani? Watacheka. Wazee wetu wamesema kigingi hakitoki kwenda kumtafuta nyati, mama wa binti hafungi tambuu akaenda kwa watu wa mwanamume, haijaonekana, Mama Tuyên atapata la kusema mpaka mavuno, na mavuno yajayo, na wacha apate, nimekuwa Mama Chura miaka saba sikufa... kisigino kimegonga udongo mgumu. Nimefika. Nainua mgongo, mfupa mmoja mmoja, maji yanatiririka kwenye kofia, nageuka na fungu la miche bado mkononi, na yeye yuko pale pale, mzega miguuni, midomo imekuwa ya zambarau kwa baridi, mtoto mjinga, shati lenye joto kampa nani, anaangalia chini kwa adabu, anangoja hukumu.

"Asije," nasema, na vidole vya Mama Tuyên vimesimama majini, na namwona Toản anafungua mdomo kusema ndiyo yake, nikamwahi. "Asije yeye. Mwambie asitoke kwenye manyunyu haya, achemshe maji tu. Nitakwenda mimi. Kuna maneno ya mwaka juzi nataka kumwomba radhi, na akinisamehe, nitamwomba na mtoto."